Sura ya Tano: Semina ya Chuo Kikuu Inamfaa Nini Mkulima wa Makueni?

Swali hili huulizwa Mutomo na Mwingi, huulizwa Wote na Kibwezi, na kila anayeuliza ana haki ya kujibiwa: watafiti wanaokuja na madaftari na vipimo vyao, wakishaondoka, hutuachia nini? Ni vigumu kulikwepa kwa sababu kaunti za Kitui na Makueni zimechunguzwa kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingi kame za Kenya. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, lina kituo Katumani, jirani tu huko Machakos, na kingine Kiboko, Makueni. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, iko Kitui. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha nyika Kibwezi. Tangu 2013, Kitui ina chuo kikuu chake kamili, Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kinachojulikana zaidi kama SEKU, chenye makao makuu Kwa Vonza mahali palipokuwa na chuo cha kilimo cha Ukambani. Wasomi hawakosekani. Hata hivyo wananchi wengi watamwambia yeyote anayeuliza kwamba hawajawahi kusikia matokeo ya utafiti uliofanywa katika mashamba yao wenyewe.

Jibu la kawaida ni kwamba matokeo yapo, yamechapishwa, na anayeyataka ayatafute. Sura hii inapendekeza jibu jingine. Utafiti huanza kumfaa mtu mapema zaidi ya siku ya kuchapishwa, katika kikao ambamo bado unaweza kupingwa na kurekebishwa. Kikao hicho huitwa semina. Na katika Kitui na Makueni, semina za sayansi ya viumbe na mazingira zitabaki na upungufu mpaka wanaoishi na ukame, ukungu na mchanga wapate kiti ndani yake. Wakulima watanufaika, lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba sayansi yenyewe itakuwa na makosa machache.

Semina ni nini hasa

Kwa watu wengi semina ni mkutano wa hotelini wenye chai, mandazi na posho ya nauli. Chuoni maana yake ni tofauti. Ni mfululizo wa vikao, mara nyingi kimoja kila wiki, ambapo mtafiti husimama mbele ya wenzake na kueleza kazi ambayo huenda bado hajaimaliza. Anasema alichotaka kujua, alivyopima, alichopata, na anachodhani maana yake ni nini. Kisha huulizwa maswali, nayo maswali ndiyo sababu ya kikao. Huyu atasema vipimo vilichukuliwa mwezi mmoja tu. Yule atasema sampuli, yaani sehemu ndogo iliyochukuliwa kuwakilisha kitu kizima, ilitoka soko moja na haiwezi kusemea kaunti nzima. Mtafiti akishindwa kujibu hurudi nyanjani, na kosa ambalo lingechapishwa huzimwa kabla halijamfikia mtu.

Sayansi ya viumbe huchunguza vyenye uhai: mimea, wanyama, wadudu, kuvu, vijidudu na mwili wa binadamu. Sayansi ya mazingira huchunguza mahali vinapoishi: udongo, maji, hewa, mvua na joto. Baadhi ya vyuo huziweka katika mfululizo mmoja wa semina, na kwa nchi kame huo ni uamuzi wa busara. Ukungu juu ya gunzi ni jambo la viumbe, mvua inayonyesha wakati wa mavuno ni jambo la mazingira, na msiba unaofuata huletwa na yote mawili.

1981, kisha 2004

Mwaka 1981 hospitali katika wilaya ya Machakos zilipokea wagonjwa 20 waliokuwa na umanjano wa macho na ini lililokuwa likiharibika kwa kasi. Kumi na wawili walifariki. Wakati huo Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, na ni huko Makueni ugonjwa ulikotokea. Uchunguzi ulionyesha kwamba wagonjwa walikuwa wamekula mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus, ambayo leo Waswahili wengi huiita sumukuvu. Wakazi walikuwa wameona dalili mapema: njiwa walikufa, kisha mbwa, kisha watu. Taarifa kamili ilitoka mwaka uliofuata katika The Lancet, jarida la tiba la Uingereza linaloheshimika duniani kote.

Sumu yenyewe haikuwa ngeni kwa wanasayansi. Ilianza kujulikana 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Ilikwisha fahamika kwamba kupika kwa kawaida hakuiondoi, kwamba kiasi kikubwa huua kwa kuharibu ini, na kwamba kiasi kidogo kinacholiwa miaka mingi huleta saratani ya ini. Baada ya 1981 likaongezeka jambo jingine lililothibitishwa: sumu hiyo ilikuwa imeua watu Makueni, na kwa kuwa hali ya hewa na namna ya kuhifadhi mahindi vilikuwa vilevile, ingeweza kuua tena.

Iliua tena. Kati ya Januari na Julai 2004 waliorodheshwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui. Mavuno yalikuwa haba kwa sababu ya ukame, kisha mvua ikanyesha wakati usio wake na kuyakuta mahindi hayajakauka. Kwa kuwa chakula kilikuwa kidogo na wezi waliogopwa, watu waliyatoa mahindi kwenye ghala za nje zenye kupitisha hewa na kuyaweka ndani ya nyumba, yakiwa bado na unyevu. Mahindi ya sokoni yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo Kenya, yaani sehemu 20 za sumu katika kila sehemu bilioni moja za nafaka. Baadaye kiwango hicho kilishushwa hadi 10.

Miaka 23 inatenganisha misiba hiyo miwili. Katika miaka yote hiyo maarifa yalikuwepo, ila yaliishi London na katika maktaba chache za Nairobi, mbali na uwanja ambapo mahindi yalianikwa. Mtu anaweza kujibu kwamba njaa ndiyo iliyoua, kwa kuwa asiye na chakula kingine hula alichonacho, na maarifa hayashibishi. Hoja hiyo ina uzito na haifai kubezwa. Lakini watafiti walipolinganisha kaya zilizopatwa na majirani zao wasiopatwa, walikuta kwamba mahali mahindi yalipowekwa na unyevu wake vilileta tofauti kubwa. Kaya zote hizo zilikuwa katika ukame uleule. Kwa hiyo lilikuwepo jambo ambalo lingeweza kufanywa hata katikati ya njaa, na kulifanya kulitegemea kujua.

Tazama pia upande wa pili. Kwamba watu waliingiza mahindi ndani kwa kuogopa wezi ni jambo ambalo mama yeyote wa Makueni angelieleza kwa sentensi moja. Mtafiti wa maabara angeweza kuandika ushauri wa miaka kumi kuhusu ghala bora asijue kwamba ghala bora lililo nje ni mwaliko kwa mwizi wakati wa njaa. Njiwa na mbwa waliokufa 1981 walikuwa onyo la mapema. Waliokuwa na uwezo wa kulisoma onyo hilo hawakuwa mahali pamoja na waliokuwa na uwezo wa kuliona.

Habari za baadaye zinaonyesha kinachopatikana sayansi ikianzia kwenye udongo wenyewe. Uchunguzi wa mahindi ya msiba wa 2004 ulibaini kwamba kuvu uliotawala ulikuwa wa aina inayozalisha sumu nyingi mno. Lakini mashamba ya Kenya yana pia aina za kuvu huohuo zisizotengeneza sumu kabisa. Dawa ya Aflasafe imetokana na aina hizo: huoteshwa juu ya punje za mtama na kunyunyizwa shambani wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua, nazo zinashika nafasi mapema kama abiria waliojaza matatu, kuvu wenye sumu ukifika unakosa pa kukaa. Leo hutengenezwa Katumani kwenyewe.

Halafu kuna muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa. Kukoboa mahindi kwa kinu ili kutoa ganda na kiini, kama Wakamba walivyofanya kwa vizazi, kumepimwa na kuonekana kunapunguza sumukuvu kwa karibu nusu kwa wastani, ingawa tofauti kati ya sampuli na sampuli ni kubwa. Si kinga. Mahindi yenye sumu kali yakikobolewa bado ni hatari, na pumba zake hazifai kupewa kuku. Ila swali zuri la utafiti lilikuwa limekaa jikoni muda wote huo, likingoja mtu wa kulipeleka chuoni.

Kwa ufupi: sumukuvu ilijulikana duniani tangu 1960 na Makueni tangu 1981. Msiba wa 2004 ulitokea kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba wenye vipimo na wenye macho ya karibu hawakuwa na kikao cha pamoja.

Mchanga uliobeba maji

Mgeni akiona mto mkavu wa Kitui mwezi Septemba huona mchanga mtupu. Mwenyeji hupiga magoti, akachimba, akanywesha ng'ombe. Bwawa la mchanga limejengwa juu ya ujuzi huo. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kuvuka mto wa msimu, ukikaa juu ya mwamba. Mafuriko yakija hubeba mchanga, mchanga mzito hutuama nyuma ya ukuta, na tope jepesi hupita juu na kwenda zake. Baada ya misimu kadhaa nyuma ya ukuta panajaa mchanga, na katikati ya chembe zake mna maji, kati ya robo na theluthi ya ujazo wote.

Kwa nini kuhifadhi maji mchangani badala ya kwenye bwawa la wazi? Kwa sababu ya jua. Katika nchi hii jua lina uwezo wa kukausha maji mengi kuliko yanayoletwa na mvua. Majaribio yaliyofanywa Namibia yalionyesha kwamba maji yakishuka kiasi cha sentimita 60 chini ya uso wa mchanga, yanayopotea hewani ni karibu sehemu moja tu kwa kumi ya yanayopotea kwenye maji ya wazi. Mbu hapati pa kutagia, na mchanga wenyewe huchuja sehemu ya uchafu.

Harakati za kujenga mabwawa haya hazikuzaliwa chuoni. Joshua Mukusya na majirani zake walianza kazi Utooni, Machakos, mwaka 1978, na kutoka hapo mabwawa yakaenea. Kitui, shirika la SASOL liliyachukua kuanzia miaka ya 1990, na leo kaunti hiyo ina mamia yake. Wananchi walileta mawe, mchanga, maji na nguvu zao kupitia vikundi vya mwethya, ule utaratibu wa Wakamba wa kusaidiana kazi kwa zamu. Watafiti walifuata nyuma. Walipofika walileta kitu ambacho wajenzi hawakuwa nacho, yaani vipimo. Katika bonde la Kiindu, Kitui, walipima maji mchangani na kandokando ya mto, wakaonyesha kwamba bwawa halijazi maji mchangani tu, bali huinua pia maji ya ardhini kwenye kingo. Hesabu zao zilionyesha vilevile kwamba mabwawa huzuia asilimia chache tu ya maji ya mafuriko, mengine yote yakiendelea na safari. Jibu hilo ni muhimu sana kwa amani, kwa sababu malalamiko ya kwanza ya walio chini ya mto huwa kwamba walio juu wamewakatia maji.

Vipimo vilileta pia habari mbaya. Baadhi ya mabwawa hujaa tope badala ya mchanga, na tope haliachilii maji. Mengine huvuja kwa sababu mwamba una nyufa, na mengine yamejengwa mahali pasipofaa. Hapa ndipo semina inahitaji watu wasio na shahada. Nani anajua ni kona ipi ya mto visima vya mchangani hudumu hadi mvua za vuli, na ni ipi hukauka Julai? Anayechota. Miongozo ya ujenzi huwaambia mafundi waangalie mimea inayopenda maji, kama mkuyu, na huo si uvumbuzi wa maabara. Mwanafunzi wa haidrolojia, elimu ya mwendo wa maji, anaweza kutumia wiki nzima na vyuma vyake akitafuta mwamba ambao mzee wa kijiji angemwonyesha kwa fimbo. Naye mzee hawezi, bila vyuma hivyo, kujua mwamba una ufa.

Jambo linalodai kikao cha pamoja kuliko yote ni mchanga unaobebwa na malori. Majengo ya Nairobi yanataka mchanga, na mchanga wa mito ya Makueni ni mzuri. Ukichotwa bila kiasi, mto hubaki mwamba mtupu, kingo hubomoka, na maji huenda na lori. Watu wamepigana na kuuana kwa ajili yake. Mwaka 2015 Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga, hatua ya ujasiri kwa kaunti iliyokuwa bado changa. Lakini sheria inahitaji tarakimu. Mto huu hupokea mchanga kiasi gani kila msimu? Ukitolewa kiasi gani maji yatashuka chini ya ndoo ya mama? Bila majibu, afisa anayetoa kibali anakisia tu, na anayekikataa anakisia pia.

Walioamriwa na waliojadiliana

Ukambani imekwisha kuona sayansi isiyokubali kuulizwa. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni waliiona Machakos kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko, nao mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Dawa waliyoiamuru 1938 ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Haikusema lolote kuhusu ardhi ambayo Wakamba walikuwa wamenyang'anywa, na maelfu wakaandamana hadi Nairobi chini ya Muindi Mbingu mpaka serikali ikalegeza. Miongo iliyofuata watu haohao walichimba matuta kwenye milima yao, mengi yakiwa ya fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipoirudia historia hiyo katika kitabu chao cha 1994, walikuta watu wameongezeka mara tano tangu 1930 na mmomonyoko umepungua. Kitabu hicho kimepata wapinzani, wanaosema kuwa sehemu kavu zaidi na kaya maskini zaidi hazikunufaika sawa na nyingine. Pingamizi hilo ni la haki. Halibadilishi jambo linalohusika hapa: mbinu zilishika mizizi pale wenye mashamba walipoweza kuzijaribu, kuzikataa na kuzibadili.

Pingamizi zinazostahili jibu

La kwanza ni lugha. Semina huendeshwa kwa Kiingereza, na istilahi nyingi hazina neno lililozoeleka. Hilo ni tatizo la kazi, na kazi hufanyika. Mtafiti asiyeweza kueleza kwa Kiswahili au Kikamba alichokipima anapaswa kujiuliza kama amekielewa.

La pili ni zito zaidi. Semina hujadili matokeo mabichi. Mtafiti akitaja mbele ya umma kwamba mahindi ya soko fulani yana sumu, kisha ikaonekana kipimo kilikosewa, wafanyabiashara watakuwa wamefilisika bure. Hatari hii ni ya kweli, na inatosha kusema kwamba si kila kikao kifunguliwe kwa kila mtu. Matokeo yanayotaja soko, shamba au kaya yathibitishwe kwanza. Ila tahadhari hiyo isigeuzwe kufuli la kila mlango: maswali ya mbinu, ya mahali pa kupima na ya maana ya vipimo hayamfilisi mtu.

La tatu husema kazi hii ni ya maafisa wa kilimo nyanjani. Maafisa hao ni wachache na eneo ni kubwa. Zaidi ya hayo, hupeleka ujumbe uliokwisha kukamilika. Hawana njia rahisi ya kurudisha chuoni swali la mkulima likafika kwa mtu anayeweza kulifanyia utafiti.

Na kuna wanaosema wananchi hawatakuja, kwa kuwa wana kazi. Makueni imejibu hoja hiyo kwa vitendo. Tangu ugatuzi, wananchi wake wamekaa vikao vya bajeti kuanzia vijijini hadi kaunti, na utaratibu huo umesifiwa nje ya mipaka yake. Watu huja kwenye kikao kinachoweza kubadili kitu.

Kuanzia wapi

Mabadiliko yanayohitajika si ya gharama kubwa. Haya matatu yanatosha kuanzia:

- Vikao kadhaa vya kila mwaka vihamishwe kutoka chuoni, vifanyike Mutomo, Kibwezi au Kathonzweni, kwa Kiswahili na Kikamba.
- Kila utafiti uliochukua sampuli mahali fulani urudi mahali hapo kujadiliwa kabla ya kuchapishwa.
- Maswali ya wananchi yaandikwe, na wanafunzi wa uzamili, yaani wanaosomea shahada ya pili, waruhusiwe kuchagua mada zao humo.

Mada tayari zipo. Pale mto Thwake unapokutana na Athi linajengwa bwawa kubwa la Thwake, ambalo kazi yake ilianza 2018, nalo linakusudiwa kutoa maji ya kunywa na ya kumwagilia. Mto Athi hupokea maji machafu ya Nairobi. Ni nini kitakachotuama humo, samaki watabeba nini, mboga zitanyonya nini? Maswali hayo yanataka mkemia, mtaalamu wa samaki, na mtu aliyeishi kando ya Athi miaka 50 anayekumbuka ni lini maji yalibadilika rangi na harufu.

Jambo la mwisho ni kalenda, nalo hupuuzwa mno. Mvua zinazotegemewa zaidi Ukambani ni za Oktoba hadi Desemba. Mahindi ya muda mfupi ya aina ya Katumani huchanua takriban miezi miwili baada ya kupandwa, kwa hiyo Aflasafe inapaswa kuwa shambani kufikia mapema Desemba. Kuta za mabwawa nazo zinapaswa kukamilika kabla ya furiko la kwanza. Semina ya sumukuvu ikifanywa Februari huwakuta watu wakivuna, na ya mabwawa ikifanywa Novemba hukuta mto umekwisha kupita. Ya mabwawa ifanywe Juni au Julai, mito ikiwa imekauka na mwamba ukiweza kufikiwa. Ya mahindi ifanywe Septemba, mbegu zikiwa bado hazijanunuliwa.